Mvua ya Roma na macho ya fundi wa Bukavu

Sisi wa Bukavu mvua yenyewe hatuiogopi, tunaogopa inachoacha nyuma. Kuanzia Septemba hadi Mei inanyesha, na mtu wa Kadutu au Panzi akisikia bati linapigwa usiku, hawazi kulowa. Anawaza ukuta wa jirani aliye juu yake. Anawaza mfereji uliozibwa na takataka, na kule Funu ambako ardhi inateremka polepole mwaka hadi mwaka na nyumba zinapasuka kuta wenyewe wakiwa ndani. Kazi yangu ni ujenzi. Kuta za kushikilia udongo ndizo zinazonilisha, maana katika mji wetu wa vilima hujengi nyumba kabla hujajenga mahali pa kuiweka.

Kwa hiyo mdogo wangu, ambaye ni sista na anasoma Roma, aliponiandikia kwenye WhatsApp kwamba mwaliko umekubaliwa lakini nitafika Novemba, "mwezi wa mvua, yaya, pole" (yaya kwetu ni ndugu mkubwa), sikuona pole hiyo ya nini. Tiketi za Novemba ni nafuu kuliko za Agosti, na watu wanasema wakati wa joto unapanga foleni hadi kichwa kinauma. Nikavuka Ruzizi, nikapanda basi la Kigali, nikalala angani kupitia Addis Ababa. Safari yenyewe haina la kusimulia. Visa ndiyo ina mengi, ila hayo tuyaache.

Mvua ya kule haifanani na yetu. Ya Bukavu inapiga, inamaliza hasira, jua linatoka na akina mama wanarudi kupanga nyanya zao Nyawera. Ya Roma ni kama mgeni asiyejua kuaga: inanyunyiza asubuhi, inanyamaza, unakunja koti, inaanza tena, mpaka jioni. Ukisema usubiri ipite ndipo utembee, utarudi nyumbani umeona dirisha la konventi tu. Masista wa pale hawasubiri. Walinipa koti refu la plastiki lililoachwa na mgeni mwingine, na mdogo wangu akanikataza kununua mwavuli.

Wauzaji wa miavuli ni watu wa kutazamwa kwa heshima. Tone la kwanza likianguka, wanatokea kwenye kila kona ya mtaa, wengi wao vijana wa Bangladesh. Dakika moja kabla walikuwa wanauza vitu vingine kabisa. Bei inapanda kwa kadiri mvua inavyokaza, na mtu wa Bukavu anaelewa lugha hiyo bila kufundishwa. Lakini vichochoro vya Roma ni vyembamba, kila mtu ana mwavuli wake, ncha zinatafuta macho yako, na upepo kwenye kona unaugeuza ule wa bei rahisi ndani nje. Mapipa ya takataka yalikuwa yamejaa mifupa ya miavuli. Koti linaacha mikono yako huru, na mikono utaihitaji, kwa sababu ya mawe.

Mitaa mingi ya mji wa kale imetandikwa vijiwe vyeusi vya mraba. Ni mawe ya volkano, ndugu wa yale yanayojengea nyumba na nyua za Goma. Nilipoyaona nilijihisi kwetu. Tofauti ni kwamba ya Goma ni makavu na makali, yanakula soli, wakati haya yamesuguliwa na magari na nyayo mpaka yanang'aa, na yakilowa yanateleza kama yamepakwa sabuni. Nilimwona bwana mmoja wa suti akienda chini na mkoba wake, karibu kabisa na baraza la mkahawa, na hakuna aliyeshangaa. Vaa viatu vya soli ya mpira yenye meno, basi. Jioni, mdogo wangu alikuwa anachukua vile nilivyovaa mchana, anatoa soli za ndani, anajaza magazeti yaliyokunjwakunjwa na kuviweka karibu na chuma cha joto la nyumba, si juu yake, maana ngozi inakauka na kupasuka. Usiku akiamka kusali anabadilisha magazeti. Asubuhi vilikuwa vikavu mpaka puani. Pasipoti na karatasi za bima zilikaa ndani ya sashe mbili za plastiki, moja juu ya nyingine, kama tunavyofanya na simu tukipanda pikipiki wakati wa masika.

Sasa Pantheon, hekalu la kale la Warumi.

Tulifika mvua ikiwa imekaza. Julai 2023 walianza kumtoza mgeni euro 5, zamani ilikuwa bure. Chini ya ukumbi wa mbele watu walikuwa wamejibana kati ya nguzo 16 za graniti, mawe yaliyosafirishwa kutoka Misri, kila nguzo ni jiwe moja la karibu mita 12. Walikuwa wanangoja mvua ipite ndipo waingie kwa raha. Nikamwambia mdogo wangu: hawa wanangoja kitu gani? Ndiyo saa yenyewe.

Katikati ya kuba kuna tundu la duara lenye upana wa karibu mita 9. Halina kioo wala bati, na mvua inaingia. Inashuka wima kutoka juu ya mita 43, nyeupe katika mwanga ule hafifu, inapiga sakafu ya marumaru, na walinzi wamezungusha kamba ili watu wasikanyage palipolowa. Kiongozi mmoja alikuwa anawaeleza watu wake kwa Kifaransa kwamba hapo kale mvua haikuwa inaingia, joto la mishumaa lilikuwa linaizuia huko juu. Watu wakatikisa vichwa kukubali, huku maji yanawarukia viatuni.

Mimi nilikuwa nimechuchumaa. Kwa mbali unaona sakafu tambarare ya duara na miraba, ya rangi ya zambarau, ya njano na ya kijivu. Haiko tambarare. Imeinuliwa kidogo katikati na inashuka kuelekea pembeni, kwa kipimo ambacho jicho halikioni lakini maji yanakiona. Nilifuata mchirizi mmoja. Ulianzia kwenye duara la jiwe la zambarau, ukafuata kiungo kati yake na marumaru nyeupe, ukasimama kidogo kana kwamba unafikiri, ukagawanyika, kisha nusu yake ikaingia kwenye kitundu kilichotobolewa katika jiwe lenyewe, ikazunguka na kupotea. Vitundu kama hivyo vipo 22. Maelfu ya watu wanavikanyaga kila siku bila kuviona, kwa sababu siku ya jua ni alama ndogo sakafuni, havina kazi.

Mlinzi akaja, akaniashiria nisimame. Mdogo wangu akamweleza kwa Kiitalia kwamba huyu ni kaka yake, ni fundi, anajenga kuta. Yule bwana akanitazama, akatazama kitundu changu, akanionyesha kingine kwa ncha ya kiatu chake, halafu kingine. Tulitembea hivyo mpaka karibu robo ya jengo, yeye anaonyesha, mimi nainama. Hatukuwa na lugha ya pamoja na haikuhitajika.

Jengo la kale ukilitembelea siku ya jua unaona sura yake. Siku ya mvua unaliona likiwa kazini. Kuba lile ni la zege tupu, hakuna nondo hata moja ndani, na linakaribia miaka 1,900. Simenti yao ilikuwa chokaa iliyochanganywa na majivu ya volkano. Chini walitia mawe mazito, na kadiri walivyopanda wakatia mepesi zaidi, mpaka kule juu wakatumia mawe ya volkano yenye matundutundu, yale yanayoelea majini. Mali ghafi ya namna hiyo mtu wa Kivu haendi kuitafuta mbali. Maandishi ya mbele yanamtaja Agripa, ambaye alijenga la kwanza likaungua. Hili tunaloliona lilikamilika chini ya Kaisari Hadriano, naye akaacha jina la yule wa kwanza. Nitajie fundi mmoja wa siku hizi anayeweza kukubali hilo! Tangu mwaka 609 ni kanisa, na hiyo ndiyo iliyoliokoa, maana majengo mengine ya kipagani yalibomolewa watu wakachukua mawe. Mdogo wangu anasema siku ya Pentekoste wazimamoto wanapanda juu ya kuba na kumwaga maua ya waridi kupitia tundu lile. Ningependa kuona. Ila kati ya waridi na mvua, bado ningechagua mvua.

Jambo ambalo wageni wengi hawajui: makanisa mengi ya Roma hufungwa mchana, tangu saa sita na nusu hivi mpaka saa tisa au kumi. Ukiwa nje na mvua inanyesha, saa hizo ni ndefu sana. Tulijizoeza kuanza na makanisa madogo asubuhi, kisha mchana tukaenda palipo wazi, kama Pantheon au Mtakatifu Petro. Makumbusho mengi ya serikali hayafunguliwi Jumatatu, na Makumbusho ya Vatikano hufungwa Jumapili, isipokuwa ile ya mwisho wa mwezi. Siku ya mvua kila mtu anakimbilia makumbusho, kwa hiyo ndiyo siku mbaya kuliko zote ya kwenda huko. Makanisa ni bure na ndani yake kuna michoro ambayo mahali pengine ungeilipia.

Nyuma tu ya Pantheon kuna Santa Maria sopra Minerva. Mbele yake amesimama tembo wa marumaru aliyebeba nguzo ya Misri mgongoni, kazi iliyobuniwa na Bernini, ya mwaka 1667. Tembo yule ni mdogo, mnene, ana tabasamu. Kwa mtu wa Kongo ni lazima kumpiga picha, hata kama mchongaji inaelekea hakuwahi kukutana na tembo akiwa na hasira. Mdogo wangu alitaka kusali kwenye kaburi la Mtakatifu Katarina wa Siena, lakini mlango ulikuwa bado haujafunguliwa. Tukasimama pembeni mwa ukuta wa mbele, na hapo nikaona vibao.

Ni vibao vya mawe, vimepachikwa ukutani kwa urefu tofauti. Kila kimoja kinaonyesha maji ya mto Tiber yalifika wapi na mwaka gani. Kuna cha 1422, cha 1530, cha 1870. Cha 1598 kiko juu kabisa. Nilinyoosha mkono sikukifikia, na mimi si mfupi. Maji yalikuwa juu ya kichwa cha mtu. Nilisimama pale muda mrefu kuliko nilivyosimama mbele ya kitu kingine chochote Roma, na hakuna kitabu cha watalii kinachokuambia ufanye hivyo.

Gharika ya Desemba 1870 ilikuja miezi michache tu baada ya Roma kuingia katika Italia mpya. Serikali iliona aibu na ikaamua. Kuanzia 1876 wakajenga kuta ndefu pande zote mbili za mto, kazi iliyochukua miaka hamsini hivi. Leo ukisimama darajani unauona Tiber uko chini sana, umefungwa katikati ya mawe meupe. Masista wengine wa nyumba ile wanasema kuta hizo zimeutenga mji na mto wake. Labda. Mimi nilitazama viungo, nikatazama miti iliyopandwa juu, nikasema kimoyomoyo kazi safi.

Kwetu hakuna kibao. Maji yanashuka usiku na matope na mawe, tunazika watu, tunakusanya mabati, na mwezi wa sita, vumbi likishaanza, mtu anauza kiwanja palepale kwa mnunuzi aliyetoka kijijini ambaye hajui. Atajulia wapi? Hakuna alama ukutani ya kumwambia ulipofika udongo. Sisemi vibao vingezuia mlima kuteremka. Lakini bei ya kiwanja ingeshuka, na bei ikishuka, hata asiyetaka kusikia anauliza kwa nini.

Colosseum, ule uwanja wa kale wa michezo, niliipitia haraka, naomba radhi kwa wanaoipenda. Nje inatosha. Jambo lililonishika ni kwamba limekaa mahali palipokuwa na ziwa la kuchimbwa la Kaisari Nero, bondeni kabisa, maana yake maji yote ya jirani yanataka kwenda pale. Kabla ya kuinua ngazi za watu elfu hamsini, ilibidi kwanza wafikirie mifereji ya chini. Ilifunguliwa mwaka 80. Foro, kitovu cha mji wa kale, ni uwanja wazi, matope na mawe makubwa yanayoteleza. Siku ya mvua nakushauri uitazame kutoka juu, nyuma ya kilima cha Kapitoli, ambako hulipi chochote na unaiona yote. Nayo ilikuwa kinamasi hapo mwanzo. Waliikausha kwa mfereji mkuu ambao watu wa kale wanasema ulianzishwa na wafalme wao, na mdomo wake bado unaonekana kwenye ukingo wa Tiber. Nilimburuta mdogo wangu mpaka darajani kuutazama.

"Yaya," akasema, mvua inamtiririka kwenye kitambaa cha kichwa, "watu wanakuja Roma kuona Papa. Weye uko unaangalia shimo ya maji machafu."

Nilikuwa nimeshamwona Papa, lakini kwa mbali sana, kidoti cheupe dirishani. Asubuhi ile ya Mtakatifu Petro tulitoka mapema, mvua ikapunguza watu na foleni ya ukaguzi ikawa fupi. Waliokuwa wanalowa uwanjani nilishangaa kuwaona, kwa sababu ule uwanja umezungukwa na nguzo 284 za Bernini, zimepangwa safu nne na kuezekwa, na kati ya safu hizo kuna njia pana mtu anaweza kutembea mkavu kabisa, polepole, akazunguka karibu uwanja wote. Ndivyo tulivyofanya. Mzee mmoja alikuwa amelala kwenye maboksi chini ya nguzo, amejifunika vizuri, na mdogo wangu alimjua kwa jina.

Mahali ambapo ningemrudisha kila mtu ni San Clemente, hatua chache kutoka Colosseum. Juu ni kanisa la karne ya 12. Ukilipa tiketi unashuka ngazi, unakuta kanisa jingine la karne ya 4. Unashuka tena, unafika kwenye nyumba za Warumi za karne ya 1 na chumba cha waabudu wa mungu Mithra. Nani alijua? Hakuna, mpaka padre Mdominikani wa Ayalandi, Mullooly, alipoanza kuchimba mwaka 1857. Ngazi ya chini kabisa kuna ubaridi na harufu ya udongo mbichi, na unasikia maji. Si matone. Ni maji yanayokimbia, nyuma ya ukuta, kwa nguvu. Kuna mahali unayaona kabisa, safi. Yalikuwa yanajaza vyumba hivyo, ndipo miaka michache kabla ya vita vya kwanza vya dunia wakachimba njia ya chini kwa chini ya kuyapeleka mpaka kwenye mfereji ule ule mkuu wa kale. Mfereji wa wafalme, unapokea maji ya karne ya 20. Nilitia sikio ukutani. Mwanamke mmoja wa Kijerumani akaona, naye akatia la kwake.

Niliporudi Bukavu mvua ilikuwa kwenye kilele chake, mabomba ya mtaani kwetu yamekauka kama kawaida, watoto wameweka bido, yale madumu ya njano, chini ya michirizi ya mabati. Kazi iliyoningoja ilikuwa ukuta wa bwana mmoja wa mtaa wa Muhumba, mita nne kwenda juu, kiwanja kinaning'inia. Nilimwambia ukuta wake utakuwa na matundu, safu kwa safu, kila tundu na tiyo yake, yaani bomba, na nyuma yake kokoto. Hakupenda.

"Fundi, mimi nalipa ukuta, silipi kichujio. Ukuta wenye matundu una nguvu gani?"

Nikamweleza kwamba udongo mkavu hausukumi sana, ni maji yaliyokwama nyuma yanayoangusha kuta za watu. Nikatoa simu, nikamwonyesha picha za vitundu vya Pantheon, maji yakiingia. Akazikuza kwa vidole viwili, akatazama kwa makini.

"Hii ndiyo nyumba ya Papa?"

"Hapana. Ya watu wa kale. Ina miaka karibu elfu mbili."

"Na tiyo za matundu yangu anazilipa nani?"

Tulibishana mpaka mvua ikatuingiza chini ya hema la walinzi. Mwishowe tukakubaliana: tiyo juu yangu, kokoto juu yake.